Sange na Kipande Alichokifungia Kiboko

Nina kisa!
— Kilete!
Kimekatwa vipande!
— Tutaviunga!
Na mwenye kipande?
— Ampe mwenzake!

Haya, sogeeni.

Hapo kale, kale isiyo ya mbali sana, wanyama wa Bonde la Mianzini walikuwa na simu. Hawakuwa na ghala moja la kuwekea nyimbo na filamu zao. Kila faili lilikatwa vipande: kipande kwa Swala, kipande kwa Kobe, kipande kwa Ngiri. Ukilitaka, unaita. Vipande vinakuja mbio, tiki-tiki-tiki, vinajipanga, vinakuwa kitu kizima. Na wewe uliyepata, mwingine akiita, unampa nakala. Unapokea, unatoa. Unapokea, unatoa. Njia ya mtandao ilikuwa moja, tena nyembamba, lakini iliwatosha.

Iliwatosha mpaka Kiboko aliponunua simu.

Kiboko alivuta. Alivuta nyimbo, alivuta filamu, alivuta hata masomo ya kushona nguo, na nguo havai. Gwii! Gwii! Gwii! Akivuta yeye, njia yote inajaa, wenzake wanabaki na matone. Na akiombwa? Mlango wa kuingia, wazi. Mlango wa kutoka, komeo.

Hapo ukingoni mwa mto aliishi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mrija. Pua ile iliingia kila tundu, na kila ilipotoka ilitoka na swali. Wakati huo Sange huyu, ambaye wenzake walimwita Mama Sange, alikuwa ametoka kujifungua, na mtoto halali. Kitu kimoja tu kilimtuliza: wimbo wa marehemu bibi, uliorekodiwa zamani bibi akimbembeleza Sange mwenyewe. Lakini wimbo ulikosa kipande cha katikati. Ngiri, aliyekuwa nacho, alidondosha simu yake topeni. Aliyebaki nacho ni mmoja tu. Mnamjua.

Bibi anaimba: "Lala, kapua kangu, lala..." Mtoto anafumba jicho moja. Anafumba la pili. Wimbo unafika katikati, kap! unaruka. Mtoto: "Nyeee!"

Anaurudia. Jicho moja. La pili. Kap! "Nyeee!"

Sange, macho mekundu, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, kipua. Sema upesi, naangalia ndondi."

"Naomba kile kipande cha wimbo wa bibi. Mtoto halali."

"Kikitoka kitapungua."

"Hakipungui, mzee. Mimi napata nakala, chako kinabaki palepale."

"Hata majani ya ukingoni niliambiwa hivyohivyo. Wakaja Nyati. Haya, nionyeshe hayo majani."

Sange akajikuna pua. "Na ndondi zimefika wapi?"

Sauti ya Kiboko ikalainika. "Mamba kamkamata Chatu. Chatu kamzonga Mamba. Refa anainua mkono... halafu basi. Kipande cha mwisho hakijaja. Nani kashinda, unajua?"

"Sijui, mzee. Ngoja nikaulizie."

Hakwenda kuulizia. Alipita kwa Swala, akapita kwa Kobe, akapita kwa kila mwenye simu. "Kile kipande cha mwisho cha ndondi, kishikeni kwanza. Kiboko akitoa kidogo, mpeni kidogo. Akitoa kingi, mpeni kingi. Akifunga, nanyi fungeni."

"Na akikasirika, Mama Sange?" Kobe akauliza.

"Wewe na gamba lako unamwogopa nani?"

Kobe akaangalia gamba lake. "Haya."

Kesho yake Sange akarudi mtoni na kichupa kitupu. Akakipindua mdomo chini, akakizamisha wima.

"Mzee, maji yameingia?"

"Hayajaingia."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye maswali ni wewe."

"Hewa haina pa kutokea." Akakilaza. Bogobogobogo! Povu likatoka, maji yakaingia. "Simu yako ndiyo hiki kichupa, mzee. Hakuna kinachotoka. Sasa kipande cha mwisho kitaingilia wapi?"

Kiboko akalitazama lile povu. Povu analijua, kila akizama hulitoa. Akafungua mlango wa kutoka, upenyo kama tundu la sindano.

Chwi! Likatoka somo la kushona kola. Tik! Ndondi zikasogea: Mamba akapepesa jicho.

"Imesogea!"

"Ongeza, mzee."

Akaongeza. Chwi-chwi! Tik-tik! Chatu akatoa ulimi.

"Ongeza, mzee."

Kiboko, roho juu, akauacha mlango wazi kabisa. Chwiiiii! Bonde zima likavuta. Zikatoka nyimbo, zikatoka filamu, na kati ya hizo zote, chembamba, kidogo, kikatoka kipande cha wimbo wa bibi.

Tik! Ndondi zikafika mwisho. Refa akainua mkono, akakohoa, akatangaza: "Kwa sababu ya mvua, pambano limeahirishwa."

"Limefanyaje?" Kiboko akanguruma.

Sange hakuwepo. Alikuwa anakimbia kwenda nyumbani, pua mbele.

"Lala, kapua kangu, lala..." Mtoto akafumba jicho moja. Akafumba la pili. Wimbo ukafika katikati. Sange akatega sikio. Siku zote alijiuliza: hapa palikuwa na maneno gani?

Hapakuwa na maneno. Bibi alikuwa amenyamaza. Alisikika akipumua taratibu, na kitanda cha kamba kikilia kwi... kwi... Kisha akanong'ona: "Amelala?" Halafu akaendelea kuimba, kwa sauti ya chini zaidi.

Mtoto alikuwa amelala.

Na Kiboko? Alikagua simu yake, akaikagua tena. Kila kitu kipo. Hakikupungua hata kimoja. Wanyama wakawa wanapita mtoni wanamwita Mzee Mkarimu, naye akavimba: "Ndivyo nilivyo tangu utotoni."

Funzo, jamani? Msigawe kitu kwa hiari yenu. Pigeni komeo, kalieni mlango, mngoje aje wa kuwadanganya. Swala alitoa siku zote, na mpaka leo hakuna aliyempa jina.

Kisa changu nimekitoa chote. Mwanzo mnao?
— Tunao!
Mwisho mnao?
— Tunao!
Na katikati?
— Shhh! Mtoto amelala.