Mitungi Saba ya Bi Kobe na Moto wa Nyegere

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?

— Tumekuja nayo!

Nikimwaga?

— Tutakinga!

Basi kingeni vizuri, isidondoke hata tone. Na wewe Mwajuma huko nyuma, miwa utatafuna baadaye.

Zamani, zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama wa bonde moja walikuwa na moto mmoja. Mmoja, si wawili. Moto huo uliwaka juu ya kilima, ndani ya shimo kubwa la mawe, na mtunzaji wake alikuwa Bwana Nyegere. Yeye peke yake ndiye aliyejua kupekecha vijiti mpaka moto ukatoka. Wengine walijaribu, wakaambulia malengelenge.

Mzee Fuko alikuwa amechimba njia chini ya ardhi, kutoka kwenye shimo la moto mpaka kwenye kila nyumba. Joto lilipita humo likatokea jikoni. Ukitaka kupika, unafunua tundu lako, joto linapanda. Ukimaliza, unafunika. Raha iliyoje!

Na malipo? Malipo yalikuwa kuni. Kila asubuhi kila nyumba ilipeleka mzigo mmoja wa kuni kilimani. Usipopeleka, Nyegere anabeba jiwe, anaziba njia yako. Hasikilizi la mtu. Siku moja Mama Kanga alichelewa, maana mwanawe alishikwa na homa. Alipofika mchana na kuni zake kichwani, njia imeshazibwa.

"Bwana Nyegere, mtoto anaumwa."

"Taratibu ni taratibu, Mama Kanga. Rudi kesho."

Mtoto mgonjwa akanywa uji baridi. Mimi hapo ndipo Nyegere anaponiudhi, lakini tuendelee.

Katika bonde hilo aliishi Bi Kobe, mjane, mfinyanzi wa vyungu na mitungi. Alikuwa na watoto tisa, migongo yao bado laini. Kijito kilichopita karibu na nyumba yake kilikauka kila kiangazi, na chemchemi iliyobaki ilikuwa mbali. Swala akienda huko asubuhi, adhuhuri amerudi. Kobe akienda leo, anarudi keshokutwa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla kijito hakijakauka, Bi Kobe alijaza mitungi saba, na maji hayo yakawafikisha watoto kwenye mvua.

Mwaka huo Tembo alipita akiangalia juu, akaikanyaga mitungi yote saba. Bi Kobe hakukaa kulia. Alichimba udongo, akaukanda, akafinyanga mitungi mipya saba, akaianika, akaipanga ndani ya joko lake nyuma ya nyumba. Mitungi huchomwa siku tatu mfululizo. Moto ukikatika katikati, udongo unabaki mbichi ndani, na mtungi mbichi ukitiwa maji unarudi kuwa tope.

Kijito kilikuwa kimebakiza siku tano. Bi Kobe alihesabu: siku tatu za kuchoma, siku moja ya kupoa, siku moja ya kuteka. Inatosha. Akafunua tundu la joko, joto likapanda vuu!

Siku ya kwanza, joko liliwaka.

Siku ya pili asubuhi, joko liliwaka.

Siku ya pili mchana, Bi Kobe aliweka mguu kwenye ukuta wa joko. Vuguvugu. Akangoja kidogo, akauweka tena. Baridi!

Akatoka nje. Bonde zima lilikuwa nje. Mama Kanga ameshika sufuria ya ugali mbichi. Sungura maharage yamemgandia. Kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Na kwako pia?" "Na kwangu pia!"

Bi Kobe akashika njia ya kilima. Pole pole, mguu huu, mguu ule, huku anaimba:

*Kuni nilileta, kuni ukapokea,*
*Moto wangu, Nyegere, umeuweka wapi?*

Alipofika juu, shimoni hakuna moto, na Nyegere mwenyewe hayupo. Kuni zimerundikwa pembeni, kavu, hazijaguswa. Akangoja. Jua lilipoanza kushuka, huyo Nyegere anakuja, mdomo umevimba kwa miiba ya nyuki na asali imemganda kwenye ndevu. Alikuwa amemfuata yule ndege mdogo anayeonyesha nyuki walipo. Alikula mpaka akashindwa kusimama, kisha akalala huko huko.

"Bwana Nyegere, moto umezimika."

Nyegere akaramba ndevu. "Haujazimika, Bi Kobe. Umepumzika."

"Umepumzika?"

"Moto nao huchoka. Nenda nyumbani, utarudi wenyewe. Pole kwa usumbufu."

Mwasikia, jamani? Eti umepumzika! Nyegere akapekecha vijiti vyake, moto ukawaka tena, lakini mpaka joto likafika bondeni joko lilikuwa limepoa muda mrefu. Bi Kobe akalifungua. Akagonga mtungi wa kwanza kwa ukucha. Mtungi ulioiva hulia *ngwee*. Huu ulilia *pu*. Akagonga wa pili, *pu*. Akaitoa nje, akagonga yote saba. *Pu, pu, pu.* Hapo ndipo Bi Kobe alipoketi chini, akaogopa kwelikweli. Kuipanga upya na kuichoma upya ni siku nyingine nne au zaidi, na kijito hakitamngoja.

Kesho yake akapanda tena kilima, mguu huu, mguu ule:

*Kuni nilileta, kuni ukapokea,*
*Moto wangu, Nyegere, umeuweka wapi?*

"Bwana Nyegere, mitungi yangu imeharibika. Nataka unilipe mitungi."

"Mimi?" Nyegere akacheka. "Moto wangu uliwaka muda wote. Kasoro ni njia za Mzee Fuko. Kamdai Fuko."

Bi Kobe akamwendea Mzee Fuko. Mzee Fuko alikuwa mtaratibu, lakini neno hilo lilimchoma. Akaingia kwenye njia zake, akazipita zote kwa tumbo, akatokea upande wa pili na vumbi puani.

"Dada yangu, njia zote ziko wazi. Hakuna hata mzizi uliokatiza. Twende kwa Twiga."

Twiga ndiye aliyekuwa mkuu wa bonde. Akaitisha baraza. Walikuja wote, wenye manyoya na wenye magamba. Nyegere naye alikuja, ameoga, amechana manyoya, na mkewe yuko kando yake.

Bi Kobe akasimama katikati, akaimba kwa mara ya tatu:

*Kuni nilileta, kuni ukapokea,*
*Moto wangu, Nyegere, umeuweka wapi?*

Twiga akainamisha shingo. "Bwana Nyegere, jibu."

Nyegere akakohoa. "Wazee wangu, ndugu zangu. Tuseme moto ulizimika. Tuseme tu. Ulizimika kidogo. Nani ameumia? Ugali mnaweza kupika leo. Na hiyo mitungi ya Bi Kobe nimeiona ilivyopangwa nje. Myekundu, mizuri, imeiva barabara. Huyu mama anatafuta vya bure."

"Na mimi ulivyonizibia njia kwa kuchelewa asubuhi moja?" Mama Kanga akapaza sauti. "Mimi nikichelewa unaziba. Wewe ukichelewa unapumzika?"

Baraza likanguruma. Nyegere akainua mkono. "Hayo ni mengine. Tunazungumzia mitungi. Mimi nasema imeiva, nami nimekaa na moto maisha yangu yote. Nani anaujua moto kuliko mimi?"

Kwa kweli, nani aliujua kuliko yeye?

Bi Kobe akamtazama Nyegere, kisha akasema kwa upole, "Nashukuru, Bwana Nyegere. Umenitoa wasiwasi. Kumbe nilikosea."

Wanyama wakashangaa. Mzee Fuko akashika kichwa.

"Nyumbani kwako," Bi Kobe akaendelea, "una mitungi saba. Naijua, maana aliifinyanga marehemu mama yangu. Na mimi ninayo saba. Kwa kuwa yote imeiva sawasawa, na mtaalamu ni wewe, tubadilishane. Leo hii, mbele ya baraza. Yako ije kwangu, yangu ije kwako. Hutatoa kitu wala hutapungukiwa na kitu."

Nyegere akajikuta kati ya mawili. Kukataa ni kukiri. Kukubali ni kubaki bila maji kiangazi kizima. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio. Lakini kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko akili zake siku hiyo, akajitutumua, akasema, "Nakuba—"

"Mume wangu, usikubali!" Mkewe akaruka katikati ya baraza. "Usikubali, nakuomba! Hiyo mitungi mibichi! Nimeigonga asubuhi nikipita, inalia *pu*! Kiangazi hiki watoto wetu watakunywa nini? Watakunywa tope?"

Baraza zima likageuka kumtazama Nyegere. Twiga hakuwa na haraka. Akangoja mpaka sauti ya mke ikatulia.

"Bi Nyegere," akasema, "hilo ulilouliza sasa hivi, watoto wako watakunywa nini, ndilo Bi Kobe analouliza tangu juzi."

Yule mama akainamisha kichwa. Kisha, na hili mimi humsifia kila ninaposimulia, akamgeukia mumewe mbele ya watu wote. "Baba Kijinu, sema ulikuwa wapi."

Nyegere akatazama miguu yake. "Nilifuata asali," akasema. "Niliuacha moto. Kuni zilikuwepo, mimi ndiye sikuwepo."

Hukumu ya Twiga haikuwa ndefu. Mitungi saba iliyoiva iende kwa Bi Kobe siku ile ile, naye Nyegere aibebe mwenyewe. Mitungi mibichi ibaki mikononi mwa Nyegere, aichome upya kwa kuni zake mwenyewe. Kila nyumba iliyolala na njaa ipumzike kupeleka kuni kwa siku tatu, na katika siku hizo tatu asizibe njia ya mtu. Tena awafundishe wengine wawili kupekecha vijiti, ili akiondoka pawepo wa kushika zamu.

"Wengine wawili?" Nyegere akanung'unika. "Nitabaki na nini?"

"Utabaki na kazi," Twiga akamjibu.

Mnadhani ilikuwa rahisi? Nyegere alibeba mitungi mizito kilima chote kushuka, mmoja mmoja, safari saba, na watoto wa Bi Kobe wakihesabu kwa sauti. Bi Kobe aligonga kila mmoja. *Ngwee.* Akaujaza kabla kijito hakijakata. Mtungi wa saba ulijaa maji yakiwa yamebaki membamba kama uzi.

Kisha Nyegere akaipanga ile mibichi kwenye joko, Bi Kobe akimwelekeza kutoka kivulini. "Usiibane. Ule wa mwisho ugeuze." Siku mbili za kupanga, siku tatu za kuchoma. Zile siku mbili za kwanza alikwenda na kibuyu mpaka chemchemini, akarudi na maji ya kunywa nyumba nzima, akaenda tena. Wakati wa kuchoma aliwaacha wanafunzi wake wawili, Sungura na Nguchiro, waende chemchemini badala yake, yeye akakaa mbele ya moto. Hakusinzia. Mara kumi kwa siku alishuka kushika ukuta wa joko kuona kama una joto, kisha akapanda mbio kuongeza kuni.

Mama Kanga alimkuta huko, macho mekundu kwa moshi.

"Bwana Nyegere, leo mbona unauchunga moto hivyo?"

"Mama Kanga," akasema, "maji ya wanangu yamo humo."

"Hata ya wetu yalikuwemo," Mama Kanga akamwambia, akaenda zake. Joko lilipopoa, mitungi yote saba ililia *ngwee*, naye Nyegere akaijaza maji ya chemchemi, kibuyu kwa kibuyu.

Kiangazi kikaja, kikali. Nyasi zikawa majivu. Mchana mmoja mtoto mdogo kabisa wa Bi Kobe alikuwa anakunywa kutoka kwenye kata, akausogelea mtungi, akaupapasa.

"Mama, huu si mtungi wa Bwana Nyegere?"

"Ulikuwa wake," akasema Bi Kobe. "Kunywa."

Basi, wenzangu, fundisho lake ni hili. Anayepokea kuni zako kila asubuhi ana deni nawe siku moto unapozimika, na deni hilo halilipwi kwa kusema pole. Pole ni neno zuri, lakini halizimi kiu. Na wewe uliyepata hasara, usione haya kupanda kilima mara ya pili na ya tatu, hata kama miguu yako ni ya kobe. Dai haki yako kwa sauti, mbele ya watu, mpaka ujibiwe.

Mmekinga?

— Tumekinga!

Haya, ngano yangu nimeitua. Iliyowakolea nendeni nayo kwenu, iliyowakera niachieni mimi mwenyewe nitaila na chumvi.