Uji Uliorudi Mbele ya Wageni

Wewe uliyekaa hapo mbele, mtoto akitapika huwa unamlaumu nani? Usinitazame hivyo. Nikisema "Kisa", itikieni "Kipakue".

Kisa.

Kipakue.

Hapo kale Kiboko alipata mtoto, na mtoto akawa anacheua. Kuna ajabu gani? Tumbo la mtoto hushusha chakula taratibu, na mlango wake wa juu bado haujajua kufunga. Kinarudi kijiko kimoja, anapanguswa, basi.

Lakini Kiboko akapata kisingizio. Kila uji ulipoiva alimwambia mkewe akapumzike, atalisha yeye. Akafunga mlango. Gubu, gubu, gubu. Akampaka mtoto uji kidevuni, akatoka na kusema, "Kacheua wote."

Mtoto akakonda. Mama mkwe akatangaza kwamba maziwa ya mkazamwana yamechacha, na siku ya karamu ya mtoto atarudishwa kwao, ukoo wote ukiona. Mama wa watu akaacha hata kuinua macho.

Jirani yao, Nguchiro, akakinusa kile kidevu. Uji uliotoka tumboni hunuka uchachu. Huu ulinuka sufuria. Akanyamaza, maana nani angemsikiliza yeye dhidi ya mwenye nyumba?

Siku ya karamu, mlango ukafungwa tena. Gubu, gubu, gubu. Kisha Kiboko akashika birika kuwanawisha wageni, kama ilivyo desturi. Akamnawisha Twiga amesimama wima, salama. Akamnawisha Nyumbu, akainama kidogo. Tumbo, gururu. Nguchiro alikuwa amejikalia shimoni.

"Teremka kidogo, shemeji."

Akainama. Gururu.

"Bado kucha, shemeji."

Akainama. Gururu.

"Na huku katikati ya vidole."

Akainama mpaka pua ikagusa udongo. Bwaaa. Uji wote nje, na uchachu ukamchoma koo mpaka machozi yakamtoka.

Mama mkwe akautambua ulezi aliousaga kwa mkono wake. Hakuna aliyecheka. Wageni wakatazama mikono yao iliyolowa.

Kisa nimekikunja, mwenye nafasi akiweke. Funzo lake: ukinywa uji wa mtoto, waache wageni wanawe wenyewe.

Mbona hamwondoki? Ah, Kiboko. Alianza kwa kusingizia maji ya mto. Mkewe akainua macho, akamtazama tu. Ndipo Kiboko akamgeukia mama yake, sauti imekwaruzika.

"Mama, maziwa yake hayana kosa. Uji wa mtoto nilikuwa nakunywa mimi."