Baragumu la Kiboko na Nyasi za Siku ya Kupimwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kukaribishana uji, palikuwa na bonde lenye kilima huku na kilima kule. Katikati ulipita mto mkavu wa mchanga. Wa huku akitaka kuzungumza na wa kule, alielekeza baragumu lake ng'ambo, akasema.

Hewa ya bonde ilikuwa ya wote. Hakuna aliyeomba kibali. Sharti lilikuwa moja: sauti ifike kilima cha pili, ikome hapo. Maana juu mtoni alikaa ndege Kwarara, mlinzi wa mafuriko. Maji yakija ghafla alilia, "Kwaa! Kwaa!" na kila mmoja alipaswa kumsikia.

Mpimaji alikuwa Mzee Kobe. Siku ya kupima alikaa nyumbani kwake, nyuma ya kilima cha pili, akatega sikio; siku nyingine alishinda shambani, mbali. Asiposikia kitu, alikwenda kugonga muhuri wa udongo mwekundu kwenye baragumu lililopimwa.

Kiboko alichonga la kwake kutoka gogo zima la mkuyu. Likapimwa, likapigwa muhuri. Kesho yake, vuuum! Bonde lote likatetemeka.

Si kwamba Kiboko alikuwa na roho mbaya. Dada yake aliolewa kilima cha pili, naye alimkumbuka. Alipenda kumwita shemeji yake wapige soga.

Asubuhi moja, katikati ya soga hizo, mafuriko yakaja. Kwarara akalia mpaka koo likamkauka. Nani amsikie? Watoto wa Mama Pimbi walikuwa mchangani wakila majani. Maji yakamzoa kitindamimba. Bahati yake, alinasa kwenye mzizi.

Mama Pimbi alimkausha mwanawe, kisha akaenda kwa Kobe.

"Mzee, baragumu la Kiboko linatuua."

"Nililipima mwenyewe, mama. Lina muhuri."

"Nyuma ya bwawa lake nimekuta fungu la nyasi. La duara, limebanwa, unene wake kama koo la lile gogo."

"Kiboko anakula nyasi," Kobe akajibu taratibu. "Nitamshtaki kwa chakula chake?"

Mama Pimbi akafikiri. "Basi kesho asubuhi usiende shambani. Kaa nyumbani."

"Nikae nifanye nini?"

"Unywe uji tu, mzee wangu."

Kulipokucha, Mama Pimbi akavuka mchanga, tip tip tip, akapanda kilima cha pili. Shemeji wa Kiboko alikuwa usingizini kwenye bwawa lake, pua tu nje. Baragumu lake lilikuwa juu ya mwamba. Mama Pimbi akaingiza kichwa, akaikokota sauti kutoka tumboni.

"Shemejiii! Mbona siku hizi unanong'ona?"

"NANI ANANONG'ONA?" Kiboko akanguruma kutoka ng'ambo.

"Sikusikii vizuri. Huku wanasema umezeeka. Eti Kobe amekubana, nawe umenywea kama kifaranga!"

"KOBE ANIBANE MIMI?" Kiboko akavimba mashavu. "KOBE ALIPIMA NYASI, SHEMEJI! NILISHINDILIA NYASI HUMU, AKAGONGA MUHURI. ALIPOGEUKA TU, NIKAZIVUTA ZOTE! HO HO HO!"

Vuuuum! Sauti ikavuka bonde. Ikapita kilima cha pili. Ikateremka upande wa nyuma, ikaingia nyumbani kwa Kobe. Uji ukacheza ndani ya bakuli.

Kobe akaumaliza, akafunga mlango, akaanza safari. Alifika jua limeshapinda.

"Kiboko, habari ya nyasi?"

"Nyasi gani, mzee? Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa naongea na shemeji yangu! Mambo ya nyumbani!"

"Nami nilikuwa kwangu nakunywa uji. Baragumu nililolipima halifiki kwangu."

Kiboko akainamisha kichwa, akalisogeza baragumu mbele ya Kobe.

Kobe akabandua muhuri. "Na mimi nina kosa langu," akasema. "Nilisikiliza siku moja, nikaridhika. Sikurudi hata kuchungulia."

Nyasi zikarudishwa. Aliyezishindilia safari hii ni Mama Pimbi mwenyewe, kwa vijiguu vyake, na kipande cha mti kikapigiliwa mbele zisitoke.

"Usibane sana, mama," Kiboko akambembeleza. "Dada yangu asikie."

"Atasikia. Na wanangu watasikia."

Mvua iliyofuata, Kiboko alikuwa katikati ya soga. "Kwaa! Kwaa!" Watoto wa Pimbi wakainua vichwa, wakaruka juu ya mwamba, puu, puu, puu. Maji yakapita chini yao. Ng'ambo, dada mtu alikuwa bado anacheka na kaka yake.

Hivyo, wanangu, hewa ya wote hubaki ya wote pale mwenye sauti kubwa anapoipunguza hata mpimaji akiwa ameshakwenda zake.