Povu la Ngedere

Hamjambo, wakubwa kwa wadogo? Haya, kimya! Ninyi wa mlangoni, midomo fungeni, masikio fungueni. Leo nina hasira. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijito, maji meupe mpaka mchanga unauhesabu.

Hapo zamani za kale, mji wa wanyama ulikuwa na dobi mmoja, Ngedere. Ana mashine moja kubwa, ya mji mzima. Gurrr! Gurrr! Kutwa nzima. Maji machafu yanapita bombani, chwaa! mpaka kijitoni. Na kijitoni anakaa Mama Chura na viluwiluwi wake.

Siku moja kaamka, kijito kizima povu. Watoto wanaelea, matumbo juu. Akawaita. Kimya. Akawaita tena. Kimya. Wachache waliobaki akawahamishia kwenye kidimbwi, pale alipokanyaga Nyati. Halafu huyo, kwa dobi.

"Hodi!"

"Hee! Chura naye ana shuka la kufua?"

"Sina shuka, nina maiti. Povu lako limeua wanangu. Punguza sabuni, bwana! Chimba shimo la maji yako!"

"Nikipunguza, wateja watasema sifui. Povu ndio usafi, mama!"

Pundamilia akaingia na shati mkononi. Mama Chura akamuuliza, "Hilo lina uchafu gani?"

"Halina. Lakini jana walishaniona nalo."

"Ndiyo wanangu wafe?"

"Aa, wewe nawe! Si utazaa wengine?"

Wakacheka, kwa kwa kwa!

Mama Chura huyo, akatoka. Akaenda, akakusanya vyura wote. Wakabeba tope, pwata! Wakabeba tope, pwata! Bomba likaziba, ndi!

Kulipokucha Ngedere akawasha mashine. Gurrr! Maji yakaenda, yakagonga tope, yakarudi. Povu likapanda. Likameza nguo safi. Likaingia mtungini, kwenye maji ya kunywa. Mtoto wa Ngedere akachota, akanywa, akaanguka anatapika.

"Mama Chura! Zibua! Mwanangu!"

Mama Chura kakaa juu ya bomba, macho yamemtoka.

"Unalia nini? Povu si ndio usafi? Si utazaa mwingine?"

Ngedere akazima mashine. Akashika jembe, akachimba shimo mbali na kijito. Pundamilia naye akachimba, shati lilelile mwilini.

Mtoto wa Ngedere alipona. Wa Mama Chura hawakurudi. Na lile bomba halijazibuliwa mpaka leo.

Basi sikieni, mnaofua nguo isiyo chafu: uchafu ukiumwaga haujapotea, umempelekea mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo, mimi naondoka. Na hii kanga siifui, haijachafuka. Nikirudi mtaniona nayo tena.