Udongo Uliofungwa Kamba

Hapo zamani, katika mji wa Mwambani ulio kando ya bahari, alikuwako Sultani mmoja jina lake Mwinyichande, naye alipenda mambo mawili kupita yote: kutoa hukumu na kuvuta tumbaku. Hukumu zake zilikuwa za haraka, na tumbaku yake ilikuwa ya polepole. Jani alilolipenda lilitoka milimani, ng'ambo ya mto, likasokotwa msokoto mnene kama kidole gumba. Ukiuwasha, uliwaka taratibu bila kuhimizwa, jivu lake jeupe, moshi wake mtamu.

Na katika mji huo alikuwako maskini mmoja aitwaye Tosiri, ambaye mali yake yote ilikuwa nyumba ya makuti, mke mwerevu jina lake Mwanakheri, na mdomo. Nyumba ilivuja, mke alivumilia, na mdomo haukufungwa. Kila alasiri Tosiri alikwenda barazani kwa Sultani, akachekesha watu, akapewa kahawa na tende, akarudi kwake ameshiba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hakuwa na nyingine.

Basi mwaka mmoja mto ulifurika, tumbaku ya milimani ikachelewa, Sultani akanuna. Waziri akasema, "Maulana, kwa nini tusiipande hapa kwetu?" Wazee wa baraza wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajibu. Tosiri, ambaye alikuwa hajapata kupanda hata mchicha, na ambaye moshi wa tumbaku ulimkohoza mpaka kofia ikaanguka, akajibu kabla hajaulizwa.

"Maulana, mbegu ni mbegu! Itie ardhini popote, itatoa kile kile ilichobeba. Mimi ni mwana wa mkulima, nayajua haya."

"Vema," akasema Sultani. "Basi utaipanda wewe."

Ikawa Tosiri amekabidhiwa bustani ya Sultani iliyo pwani, pamoja na kibuyu cha mbegu kutoka milimani. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno, karibu ni vumbi. Tosiri akakifungua kibuyu, akachungulia ndani kwa makini kama mtu ajuaye, akapiga chafya. Na mbegu nyingi zikaenda zilikokwenda. Zilizobaki akazimwaga kidogo kidogo, mgongo ukamuuma, akaketi. Siku hiyo alikuwako ndugu yake Mbwarali, aliyekuja kumtembelea kutoka milimani alikolelewa na mjomba wao tangu utotoni.

"Ndugu yangu," akasema Tosiri, "nimekukusudia zawadi." Akampa mbegu zote zilizosalia ndani ya kibuyu, ili kazi iishe.

Tumbaku ikaota, ikakua, ikatoa majani mapana ya kupendeza. Mwanakheri ndiye aliyeyachuma, akayaning'iniza kivulini yakauka, akayavundika mpaka yakapata rangi ya kahawa, huku mumewe akiwasimulia wapita njia jinsi ukulima ulivyo mgumu.

Siku ya kuonja ikafika. Sultani akauwasha msokoto mbele ya watu wote. Ukalia chirr, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena, na moshi wake ukanuka kama nyavu mbichi.

"Ameiuza mbegu ya Maulana," akasema Waziri, "akapanda magugu."

Sultani akasimama, akatoa hukumu kabla jivu halijapoa. "Aliyeiharibu tumbaku yangu, awe nani awaye, ataletwa hapa Ijumaa amefungwa kamba, naye atafukuzwa mjini, avuke mto. Na usipomleta, Tosiri, utavuka wewe."

Tosiri akarudi nyumbani hana hata neno la kuchekesha. Mwanakheri akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulimwambia Sultani kwamba wewe ni mwana wa mkulima?"

"Nilimwambia."

"Baba yako alikuwa fundi wa vitanda."

"Lakini alikuwa akitamani shamba," akasema Tosiri kwa sauti ndogo.

Mwanakheri hakucheka. "Mama yangu hawezi kuondoka kitandani, wala mimi siwezi kumwacha. Ukivuka mto, bwana, utavuka peke yako." Hapo Tosiri akaelewa kwamba jambo hili lilikuwa limetoka katika mizaha, akaketi kizingitini akaufunika uso kwa kanzu.

Wakiwa katika hali hiyo, akaingia Mbwarali, mnene, mpole, miguu ina matope ya safari. "Nimekuleteeni mavuno ya zawadi yenu," akasema, akatoa misokoto iliyosokotwa vizuri. Mwanakheri akauwasha mmoja, ukawaka bila kuzimika. Akachukua jani la bustani ya Sultani, akaligusisha ulimi, akalitema.

"Chumvi! Nani ameitia chumvi?"

"Si mimi," akasema Tosiri. "Mimi hata mchuzi hunikataza kuutia."

Mwanakheri akamshika mkono, akampeleka bustanini, akamwonyesha ardhi iliyopata weupe juu yake. Udongo ule ulikuwa umeinywa bahari miaka mingi, na jani lililonyweshwa chumvi haliushiki moto. Tosiri akainama, akautazama sana. Kisha akainuka, akaenda kutafuta kamba.

Ijumaa watu wakajaa barazani. Tosiri akaingia akiburuta kikapu cha udongo kilichofungwa kamba pande zote, na fundo kubwa juu.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Mkosaji, maulana. Nimemkuta amelala bustanini kwako. Hakukimbia, wala hakukana."

Watu wakaangua kicheko. Waziri akapaza sauti, "Maulana anadhihakiwa!"

"Maulana alisema awe nani awaye," akajibu Tosiri. "Nami sikuona vema kumchagulia Maulana mkosaji mwenye miguu."

Akamwomba Sultani auwashe msokoto wa Mbwarali. Ukawaka taratibu, jivu jeupe.

"Hiyo ni mbegu nyingine," akasema Waziri.

"Ni mbegu ya kibuyu kile kile," akasema Mbwarali. "Ndugu yangu alichoka kupanda, akanipa." Watu walipotazama, Tosiri alikuwa amekwisha inamisha kichwa, maana hakuna aliyemjua ambaye asingeliamini hili. "Tena, maulana, nilipata kupanda kule milimani mbegu ya tumbaku kali ya huku pwani. Jani lilitoka laini zaidi, likashika moto vizuri, lakini ukali wake haukuondoka."

"Basi kinachotengeneza tumbaku ni mbegu au ni mahali?" akauliza Sultani, sasa anataka kujua kweli.

"Vyote viwili, maulana," akasema Tosiri, "na ushahidi umesimama mbele yako. Mimi na huyu tumezaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Yeye amekulia kwenye ukungu na kazi. Mtazame, mzito, mtulivu, akiwaka hazimiki. Mimi nimekulia hapa barazani kwako. Nalia chirr, kisha nazimika. Lakini tukikoroma, hutambui yupi ni yupi."

Sultani akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajikaza. "Vema. Hukumu haibadiliki. Udongo huu uvuke mto."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru akaenda zake. Lakini mdomo wa Tosiri ulikuwa bado una safari.

"Maulana, kuna jambo dogo. Katika mji wako mbuzi akila mazao ya jirani, mbuzi hahukumiwi. Hujibu mwenye mbuzi. Sasa udongo huu una mwenyewe."

Waziri akaangalia viatu vyake. Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi, mzee mwaminifu, akasema kwa masikitiko, "Ndiyo desturi, maulana. Umekwisha wahukumu watu wengi kwayo."

Tosiri akatambua alilolisema, akarudi nyuma ya kikapu chake. Sultani akautazama msokoto uliokuwa ukiendelea kuwaka mkononi mwake.

"Mbwarali," akasema taratibu, "ng'ambo ya mto ndiko inakokua tumbaku hii?"

"Ndiko, maulana. Na nyumba yetu ina baraza."

"Basi nimehukumiwa kwa haki!" akasema Sultani, akacheka kuliko mwanzo. "Nitakaa uhamishoni mpaka mavuno yatakapokwisha, na Waziri atanibebea mizigo. Na wewe Tosiri, nakuachia mfungwa huyu pamoja na bustani yote anakotoka. Kitakachoota humo ni chako na mkeo. Lakini utamlinda kila asubuhi."

Tosiri akambusu mkono, akarudi nyumbani amejaa fahari, akalala usingizi wa mtu mwenye mali. Kulipokucha, Mwanakheri akamwamsha.

"Bwana mlinzi, mfungwa wako ameota magugu."

"Mwache, ni nywele zake."

"Basi mnyoe," akasema Mwanakheri, akamwekea jembe mkononi.

Tosiri akaligeuza upande huu na upande huu, akaukaza uso kama mtu ajuaye, kisha akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, majirani wasisikie, ni upande upi unaoingia ardhini.