Wenye Shamba la Masale

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shamba la migomba, masale pande zote. La nani?

Tuambie!

Hapo kale, mlimani, waliishi ndugu wawili, Mashingia na Kiwelu. Baba yao alipokufa, Mashingia alichukua panga, akaanza kukata masale yaliyotenga sehemu ya Kiwelu, ile mimea ya mpaka ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Cha! Cha! Cha!

"Kiwelu, ondoka! Wewe uliletwa hapa mgongoni mwa mama yako. Baba yangu hakukuzaa."

"Alinilea, kaka. Na mke wangu ana mtoto wa siku tatu. Niwapeleke wapi?"

"Ulikotoka!"

Kiwelu naye akachomoa panga. Watu waliokusanyika wakarudi nyuma.

Ndipo akaja jirani yao, Bibi Mkunde, aliyekumbuka historia ya kila shamba kijijini. Fimbo yake, ko, ko, ko. Akasimama katikati ya mapanga.

"Mashingia, mwanangu, shamba hili la nani?"

"La baba yangu, Bibi. Nani asiyejua?"

"Na kabla yake?"

"La babu Ngomuo."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake palikuwa msitu."

"Msitu! Na migomba ilipandwa na nyani?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Kabla yake lilikuwa la Manka," akasema Bibi. "Mwaka wa njaa alipita mwanamke mgeni, mtoto mgongoni. Akafia pale kwenye mfereji. Manka akamfungua mtoto, akamlea, akampa shamba. Mtoto huyo ndiye Ngomuo, babu yako."

Panga la Mashingia likashuka.

"Na huyo Manka… ukoo wake uko wapi?"

"Manka alimzaa mama yangu."

Mashingia akamtazama.

"Miaka yote hiyo ulijua, Bibi?"

"Nilijua. Alichotoa bibi yangu, sikukidai. Lakini kama aliyekuja mgongoni hana haki, kunja mkeka wako, mwanangu. Nami nije nikate ndizi zangu."

Mashingia aliinama. Akaokota jani la sale alilolikata mwenyewe, akalifunga fundo, kama watu wa kule waombavyo msamaha. Akampa Kiwelu kwa mikono miwili.

Kiwelu alilitazama muda mrefu. Akatupa panga, akalipokea.

Mashingia hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba shamba halitatosha. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjamfukuza mtu kwa sababu ya jinsi alivyokuja, ulizeni kwanza wazee wenu walikujaje.

Visiki vya masale vilichipua. Nami nimefika mpakani. Hadithi yangu haivuki.