Mkwe Aliyekandika Nyumba Akalala Nje

— Jamani, nije?
— Njoo!
— Nije mikono mitupu?
— Njoo na kuni!
— Kuni sina. Nina uongo mkavu, unawaka kuliko kuni.
— Basi washa!

Hapo zamani, kule milimani ambako mwezi wa sita umande hugandia kwenye nyasi, na ng'ombe akipumua utadhani anavuta kiko, aliishi Pimbi na mkewe na watoto saba. Pimbi alikuwa mdogo. Mdogo kiasi kwamba akikusalimia, unageuka kutafuta sauti imetoka wapi. Mimi ninayewasimulia nawafikia mabegani, kwa hiyo simcheki. Nawahesabu tu wenzangu.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya mawe mawili. Paa limetoboka, ukuta umepasuka, mlango ni gunia. Upepo wa kipupwe ukija, vuuu! unaingia ukutani, unapita juu ya watoto saba, unatokea upande wa pili bila hata kuaga. Kila mwaka Pimbi alisema, "Mwaka huu nakarabati." Kila mwaka akiba ya ukarabati iliota miguu. Mwaka huo aliinunulia kofia ya manyoya.

"Kichwa kikipata joto, mwili mzima umepata," alimweleza mkewe.

Mkewe akakitazama kile kichwa, kidogo kama ndimu. Akawatazama watoto saba. Akaendelea kutwanga. Tu! Tu! Tu!

Sasa, jirani yao alikuwa Ngiri. Meno yametoka nje kama mipini ya majembe, kifua kama pipa, na tamaa ya kujaza mapipa mawili. Nyumba yake nayo ilikuwa mbovu, lakini yeye hakuwa na haja ya kukarabati. Baridi ikikaribia, alichagua nyumba ya mnyonge, akamtoa, akahamia. Mwaka juzi alimtoa Kalunguyeye. Mwaka jana alimtoa Nungunungu, na miiba yake yote.

Gru! Gru! Gru! Huyo kwa Pimbi. Hodi hana. Akatia pua kwenye gunia.

"Nyie! Baada ya siku tatu nahamia humu."

"Karibu, Bwana Ngiri," akasema Pimbi. "Na sisi?"

"Nyie mtatoka."

"Twende wapi na baridi hii?"

"Dunia kubwa, nyie wadogo. Mtaenea." Akazungusha macho ndani. "Halafu ziba hayo matundu kabla sijaja. Mimi upepo wa mgongoni hunitesa."

"Nizibe na nini, bwana? Nyasi za mlimani ulisema ni zako."

"Zangu."

"Udongo wa bondeni?"

"Wangu."

"Kuni za msituni?"

"Zangu zote! Jitegemee, bwana."

Gru! Gru! Gru! Akaondoka.

Mama Pimbi akaweka mchi chini.

"Mume wangu, tuna siku tatu. Tuna nini?"

"Tuna kofia."

"Mbali na kofia."

"Tuna shamba lako la viazi. Lakini havikomai mpaka kipupwe kiishe."

"Kwa hiyo tuna kofia."

Pimbi akajikunyata. "Mimi ni mume wa bure kabisa, mke wangu. Maishani nimekandika nyumba moja tu ikakandikika, nayo ni ya baba yako. Misimu mitatu! Nakata nyasi, nabeba udongo, napasua kuni. Mwisho wake nikapata nini?"

Mkewe akamtazama.

"Ulinipata mimi."

"Ndiyo hiyo nilikuwa naifikia."

"Haya, fika."

"Nauliza tu. Nyumba ile niliyoikandika kwa mikono hii, niliwahi kuingia ndani hata siku moja?"

"Thubutu! Mkwe aingie anapolala mama mkwe? Mama akikohoa tu, ulikuwa unajitupa kichakani usionane naye."

"Kichaka cha upupu."

"Ulijikuna wiki nzima."

Wakatazamana. Mmoja akaanza kutabasamu, mwingine akamfuata. Wakaita kwa pamoja:

"Tusekileee!"

Tusekile, binti yao wa kwanza, akaja akijifuta mikono. Akawaona wazazi wanavyotabasamu. "Chochote mnachotaka kuniambia, msiniambie."

"Hatukwambii, mama. Tunaomba tu usiseme ndiyo wala hapana mpaka viazi vikomae."

"Kunyamaza?" akasema Tusekile. "Hiyo bure." Akarudi kwenye shughuli zake.

Siku ya tatu, gru! gru! gru! Ngiri huyo, mkeka begani.

"Mmetoka?"

Pimbi alikuwa amekaa kwenye tuta la viazi, miguu haigusi chini. "Bwana Ngiri, leo utatuwia radhi. Tuna ugeni wa posa. Nguruwe-mwitu anakuja kwa Tusekile. Namsubiri nimwoneshe shamba lake."

"Shamba lipi?"

"Hili la viazi, kutoka jiwe hili mpaka mtoni. Binti akimkubali mume, mume analichukua lote. Kwetu ndivyo tulivyo, wajinga."

Mate yakamdondoka Ngiri. Tii. Tii.

"Nguruwe-mwitu ana nini cha kuoa?"

"Wanasema ana nguvu za kuwahudumia wakwe. Wanasema hata wewe amekuzidi. Mimi na kichwa hiki nitajua wapi?"

"Amenizidi mimi? Mimi! Naposa mimi!"

"Wewe, bwana mkubwa? Uniite baba, mimi hapa nilivyo? Watu watakucheka."

Ngiri akamtazama Pimbi. Akayatazama matuta. Jiwe... mpaka mtoni. Akapiga magoti, puu!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe," akasema Pimbi. "Paa la wakwe zako linavuja."

"Nyasi ninazo, baba!"

Chwa! Chwa! Chwa! Akakata nyasi, akaezeka paa. Alipokuwa juu, Mama Pimbi akakohoa ndani: "Kohoo!" Ngiri akajirusha kutoka paani, uso kichakani, puu!

"Mkwe, ukuta wa wakwe zako umepasuka."

"Udongo ninao, baba!"

Pwaa! Pwaa! Pwaa! Akakandika nje. Ndani walikandika wenyewe, kwa udongo aliowaachia mlangoni, maana mkwe haingii. "Kohoo!" Uso kichakani, puu!

"Mkwe, jiko la wakwe zako limepoa."

"Kuni ninazo, baba!"

Ko! Ko! Ko! Akapasua kuni, akazipanga mpaka usawa wa paa. "Kohoo!" Puu!

Nyinyi mnacheka. Mimi siku ya kwanza ukweni nilijificha nyuma ya mbuzi, mbuzi akahama.

Basi baridi yenyewe ikashuka. Kukapambazuka mlima mzima mweupe. Ngiri akaja mbio, meno yake makubwa yakigongana, ko-ko-ko-ko.

"Baba, kwangu upepo unaingia mpaka mfupani. Nilikuwa naziba huku, sikuziba kule. Naingia humu!"

"Humu anapolala mama mkwe wako?"

"Nimeikandika mwenyewe!"

"Na imekandikika, mkwe. Joto mpaka mama mkwe amevua kitambaa cha kichwa. Wewe pita tu. Ukishaingia posa imevunjika, na habari ya viazi nitampelekea Nguruwe-mwitu."

Ngiri akainua mguu mmoja. Ndani watoto saba wakaacha kupumua. Pimbi alisimama mlangoni, mrefu kama kifundo cha ule mguu. Hila zake zilikuwa zimekwisha. Akisukumwa, watoto wote nje kwenye ule weupe.

Mguu ukawa hewani. Ngiri akalisikia joto linatoka kwenye gunia, na harufu ya uji. Akayatazama matuta. Akalitazama gunia.

"Kohoo!"

Puu! Uso kwenye nyasi zilizoganda.

"Nisamehe, mama!" Akarudi nyumanyuma, macho chini, mpaka kwenye nyumba yake inayopitisha upepo. Huko alitetemeka msimu mzima, akijifariji kwa kuhesabu matuta.

Kipupwe kikaisha. Viazi vikakomaa. Ngiri akavichimba vyote mwenyewe, maana mkwe hachimbiwi, akapanga makapu mlangoni, akapiga magoti.

"Baba, leo nataka jibu."

"Mimi sina jibu, mkwe. Jibu ni la mwenyewe. Tusekileee!"

Tusekile akatoka. Akamzunguka Ngiri mara moja, taratibu.

"Nimekuangalia msimu wote, Bwana Ngiri. Una nguvu."

"Ninazo!"

"Una nyasi, una udongo, una kuni."

"Vyote vyangu!"

"Na nyumba yako ina tundu napitisha kapu. Umelala miezi miwili unatetemeka, na hukuziba hata upande mmoja. Mimi ungenilaza wapi?"

"Lakini nimeziba ya baba yako!"

"Ndiyo. Mkwe mzuri sana wewe. Mume ndiyo hapana."

Ngiri akamgeukia Pimbi. Pimbi akainua mikono yake midogo: "Mwenzangu, mimi hapa hata mbwa hanisikilizi." Wakampa kapu moja la viazi, vile vidogo vya kumenya kwa hasira, naye akalibeba akaenda zake.

Tangu siku hiyo Ngiri hana uhakika ni nyumba gani ina mama mkwe na gani haina. Kwa hiyo akifika kwenye shimo, hata liwe lake mwenyewe, anageuka kwanza, anatanguliza makalio, uso unabaki nje. Nendeni mkamchungulie.

— Imeishia hapo. Ikiwa tamu?
— Tukusifu!
— Ikiwa chungu?
— Tumlaumu Pimbi!

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: karabati nyumba yako mapema, kwa jasho lako mwenyewe, wala usimdanganye jirani. Pimbi hakufanya hata moja kati ya hayo, akalala pa joto akivimbiwa viazi. Ngiri alifanya kazi kama punda, nanyi mmesikia alivyolala. Lakini funzo ni funzo, msinibane. Na yule anayenong'ona pale nyuma kwamba hata kwangu panavuja: panavuja, ndugu yangu, kwa sababu mimi ni mwaminifu, na mabinti zangu wote wameshaolewa.